Ndugu Waliotengwa na Mto na Milima

1. Nchi mbili zilizo jirani

Fungueni ramani ya Kongo, mtafute Kivu ya Kaskazini. Magharibi ya mji wa Goma iko wilaya ya Masisi. Ni nchi ya milima na mabonde. Mahali pengi hupita meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ukungu hulala mabondeni, na usiku watu huota moto. Zamani milima ya Masisi ilivikwa msitu mnene. Leo mahali pengi msitu umekwisha. Yaonekana malisho ya ng'ombe, na mashamba ya maharage, ya viazi na ya mahindi.

Msafiri akizidi kwenda magharibi, njia yateremka. Milima yapungua, joto laongezeka, na miti yafunga pande zote. Hapo ameingia wilaya ya Walikale. Mto Lowa hupita huko. Maji yake huenda mpaka mto Lualaba, na Lualaba, ukiisha kupita Kisangani, ndio mto Kongo wenyewe.

Katika misitu hiyo wakaa gorila. Watu wanaosema Kinyarwanda humwita ingagi. Wengine wakaa mashariki, katika volkeno za Virunga. Siku anga likiwa safi, mtu aliyesimama juu ya kilima cha Masisi aweza kuziona volkeno hizo kwa macho yake. Si mbali sana. Lakini gorila wa Walikale na gorila wa Virunga si sawasawa. Nywele zao ni mbalimbali, nyuso zao ni mbalimbali, hata chakula chao ni mbalimbali.

Je, imekuwaje wanyama wa ukoo mmoja, walio majirani hivi, wakatofautiana? Fundisho hili laeleza jambo hilo. Tena laeleza jambo la pili: kwa nini kutengana kulikozaa aina mpya za wanyama zamani, leo kwaweza kuwaua.

2. Aina ni nini?

Kwanza yafaa kujua maana ya neno aina. Mbwa wa mwindaji ni mwembamba, mwenye miguu mirefu. Mbwa mwingine ni mfupi, mwenye manyoya mengi. Sura zao ni mbali, lakini wakikutana huzaa, na watoto wao nao huzaa. Basi hao wote ni aina moja.

Sasa mfikirini farasi na punda. Wafanana kwa mengi. Wakikutana, huzaliwa mnyama aitwaye baghala. Baghala ana nguvu nyingi za kubeba mizigo, lakini yeye mwenyewe hana uzazi. Ukoo wake wakoma kwake. Ndiyo maana farasi na punda huhesabiwa aina mbili, ingawa ni ndugu.

Kati ya hali hizo mbili iko hali ya tatu. Pengine makundi mawili ya aina moja yamekaa mbalimbali muda mrefu, yakaanza kutofautiana, lakini bado hayajawa aina mbili. Makundi hayo huitwa matawi ya aina. Mti mmoja waweza kuwa na matawi mawili. Matawi yakizidi kwenda mbali, mwisho yatakuwa kama miti miwili.

3. Mtoto hafanani kabisa na wazazi wake

Mbuzi mmoja aweza kuzaa watoto wawili siku moja. Mmoja ana madoa, wa pili ni mweusi mtupu. Mmoja hukua upesi, wa pili hukawia. Ndivyo ilivyo kwa wanyama wote. Mtoto hurithi mambo mengi kwa wazazi wake, lakini hatokei sawasawa nao. Tena mara chache hutokea katika damu yake jambo jipya kabisa, ambalo baba na mama hawakuwa nalo.

Mambo hayo madogo yana matokeo. Fikirini gorila wanaokaa mlimani penye baridi kali. Wengine wana nywele fupi, wengine wana nywele ndefu kidogo. Mvua ya baridi ikinyesha usiku kucha, mtoto mwenye nywele fupi huugua, na pengine hufa. Mwenye nywele ndefu huishi, hukua, huzaa. Watoto wake hurithi nywele zake. Mwaka kwa mwaka, kizazi kwa kizazi, wenye nywele ndefu huzidi, na wenye nywele fupi hupungua.

Angalieni vizuri: hakuna gorila aliyetaka nywele ndefu akazipata kwa kutaka. Hakuna aliyejigeuza. Baridi iliwachuja, kama mama achujavyo unga kwa chekeche: wengine walipita, wengine hawakupita. Mwingereza Charles Darwin alieleza jambo hilo katika kitabu alichokitoa mwaka 1859, na tangu hapo wataalamu wa nchi nyingi wamelipima na kulithibitisha.

4. Mfuko wa maharage

Iko sababu ya pili inayobadili wanyama, nayo ni bahati tu. Kuifahamu, fanyeni jaribio hili darasani.

Tieni katika mfuko punje 100 za maharage: 50 nyekundu, 30 nyeupe, 15 za madoa, na 5 nyeusi. Tikiseni mfuko. Kisha mtoto mmoja afumbe macho, achote punje 8 tu. Zihesabuni kwa rangi. Zirudisheni, mchote tena. Mtaona kwamba mara nyingi katika zile 8 hamna hata punje moja nyeusi. Pengine zile za madoa nazo zimekosekana.

Sasa fikirini mkulima aliyehama, akachukua punje zake 8 kwenda kuzipanda nchi ya mbali. Baada ya miaka mingi shamba lake litajaa maharage, lakini nyeusi hatakuwa nayo. Mwenye punje nyeusi yuko nyuma, ng'ambo ya mto, naye hawezi kumfikia. Mashamba mawili ya mbegu moja yamekuwa mashamba ya namna mbili.

Wanyama ni vivyo hivyo. Kundi dogo likijitenga na kundi kubwa, halichukui mambo yote ya ukoo wake. Huchukua sehemu tu, kama punje zile 8. Ulikumbukeni jaribio hili, maana litafaa tena mbele.

5. Mto mkubwa: sokwe na bonobo

Makundi mawili yakikaa karibu na kukutana, damu yao huchanganyika daima, nayo hubaki aina moja. Ili yatofautiane, yapaswa kutengwa. Kitu cha kuyatenga chaweza kuwa mto, ziwa, bahari, mlima mrefu, au nchi kavu isiyo na miti.

Mfano ulio wazi sana umo katika Kongo yenyewe. Fuateni maji ya mto Lowa katika ramani. Yatoka Walikale, yaingia Lualaba, yafika Kisangani, kisha yafuata mto Kongo katika mzunguko wake mkubwa, kaskazini na magharibi, halafu kusini mpaka Kinshasa. Kaskazini na mashariki ya mto huo wakaa sokwe. Sokwe wako Walikale pia. Kusini yake, ndani ya ule mzunguko, wakaa bonobo. Bonobo hawapatikani katika nchi nyingine yoyote ya dunia, ila Kongo tu.

Zamani watu waliwadhania bonobo kuwa sokwe wadogo. Mwaka 1929 Mjerumani Ernst Schwarz alichunguza fuvu la kichwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, nchi ya Ubelgiji, akaona kwamba si sawasawa na mafuvu ya sokwe wengine. Mwaka 1933 Mwamerika Harold Coolidge alionyesha kwamba bonobo ni aina yao wenyewe.

Wametofautianaje? Mwili wa bonobo ni mwembamba kuliko wa sokwe. Uso wake ni mweusi tangu kuzaliwa, na midomo yake ni ya rangi ya waridi. Mtoto wa sokwe huzaliwa na uso mweupe, ukawa mweusi baadaye. Nywele za kichwani za bonobo hugawanyika katikati, kana kwamba amezichana. Hata desturi zao ni mbalimbali. Kwa sokwe, madume hutawala, nao hupigana vikali na majirani zao. Kwa bonobo, majike husaidiana, na dume hawezi kuwaonea. Makundi mawili ya bonobo yakikutana, mara nyingi hula pamoja kwa amani.

Sokwe na bonobo hawajui kuogelea. Mto Kongo ni mpana na wenye nguvu, basi kwao ni kama ukuta. Wataalamu hufikiri kwamba zamani sana, wakati wa ukame mkubwa, maji yalipungua mahali fulani, kundi dogo likapata kuvuka. Mvua iliporudi, mto ulijaa, mlango ukafungwa. Tangu hapo yamepita miaka kati ya milioni 1 na milioni 2. Wale wa kusini walizaa peke yao, na wale wa kaskazini walizaa peke yao. Kizazi baada ya kizazi, tofauti ndogo zilirundikana, hata ndugu wakawa aina mbili.

Jambo hilo laonekana katika mito mingine pia. Mwingereza Alfred Russel Wallace alisafiri miaka mingi katika msitu wa mto Amazon, huko Amerika ya Kusini. Mwaka 1852 alieleza kwamba nyani wa ukingo mmoja si wale wa ukingo wa pili. Wawindaji wa huko walilijua jambo hilo mbele yake.

6. Gorila wa magharibi na gorila wa mashariki

Gorila nao wametengwa. Wa magharibi wakaa Gabon, Kamerun, Kongo-Brazzaville na nchi za jirani. Hao ndio waliojulikana kwanza na wenye elimu wa Ulaya na Amerika, mwaka 1847. Wa mashariki wakaa Kivu na kandokando yake. Kati yao ni msitu wa kilometa 900 hivi usio na gorila hata mmoja.

Mwaka 1902 askari Mjerumani, Robert von Beringe, aliwaua gorila wawili juu ya mlima Sabinyo, katika volkeno za Virunga. Mwaka uliofuata bingwa Paul Matschie wa Berlin alimpa gorila huyo jina la Beringe. Kisha Rudolf Grauer, mtu wa Austria, alikusanya ngozi na mifupa ya gorila katika misitu iliyo magharibi ya maziwa, na mwaka 1914 Matschie aliwapa hao jina la Grauer. Gorila wa Walikale na Masisi ni hao wa Grauer.

Leo mabingwa huhesabu hivi: gorila ni wa aina mbili, ya magharibi na ya mashariki. Aina ya mashariki ina matawi mawili. Tawi moja ni gorila wa mlima, aliye katika volkeno za Virunga na katika msitu wa Bwindi huko Uganda. Tawi la pili ni gorila wa Grauer, aliye Kongo tu, naye hana nchi nyingine.

Hapo mwaona kazi ikiwa katikati. Gorila wa magharibi na wa mashariki wamekwisha kuwa aina mbili. Gorila wa mlima na wa Grauer ni matawi tu, lakini wameshika njia ile ile.

7. Mlimani na msituni

Gorila wa mlima hukaa penye baridi, pengine juu ya meta 3,000. Nywele zake ni ndefu na nzito. Matunda huko ni machache, basi hula majani, mashina, mizizi na machipukizi ya mianzi. Chakula hicho ni kigumu, chataka kutafunwa sana. Ndiyo maana taya zake ni pana na meno yake ni makubwa.

Gorila wa Grauer hukaa kuanzia meta 600 hivi katika misitu ya chini, mpaka meta 2,900 katika milima. Nywele zake ni fupi kuliko za ndugu yake. Uso wake ni mrefu na mwembamba. Mwili wake ndio mkubwa kuliko wa gorila wote. Dume huweza kupita kilo 200. Msituni hupenda matunda sana. Huyafuata yanapoiva, hupanda miti kuyachuma, na hutembea mwendo mrefu kila siku.

Ni nini kilichowatenga? Tazameni ramani tena. Kati yao pana Bonde Kuu la Ufa, lenye ziwa Kivu na ziwa Edward, na nchi ya nyasi, na mawe meusi yaliyomiminika kutoka volkeno. Zamani za ukame, msitu ulipopungua na kubaki mahali mahali, gorila walibaki pamoja nao, kila kundi mahali pake. Wataalamu huhesabu muda wa kutengana kwao kwa maelfu ya miaka.

8. Hesabu ya vizazi

Sasa piga hesabu. Gorila jike huzaa mara ya kwanza akiwa na miaka kama 10. Akiisha kuzaa, hukaa miaka 4 hivi mpaka kuzaa tena. Kwa wastani, kizazi kimoja cha gorila ni kama miaka 20.

Basi miaka 10,000 ni vizazi 500.
Miaka 1,000,000 ni vizazi 50,000.
Miaka 100 ni vizazi 5 tu.

Kwa vizazi 50,000 ndugu waweza kuwa aina mbili. Kwa vizazi 500 waweza kuanza kutofautiana. Kwa vizazi 5 hakuna aina mpya iwezayo kuzaliwa. Hesabu hiyo yafaa kushikwa, kwa sababu yafuatayo yategemea hiyo.

9. Watu wote ni aina moja

Mtoto aweza kuuliza: je, na watu nao? Katika Masisi na Walikale hukaa Wahunde, Wanyanga, Wanyarwanda, Wakumu na wengine wengi. Lugha zao ni mbalimbali. Je, nao ni aina mbalimbali?

Sivyo hata kidogo. Watu wote wa dunia ni aina moja. Tangu zamani wamesafiri, wamevuka mito na bahari, wamefanya biashara, wameoana. Mwanamume wa kabila hili akimwoa mwanamke wa kabila lile, huzaa watoto, na watoto wao huzaa wajukuu. Kwa kipimo cha sehemu ya pili ya fundisho hili, shauri limekwisha.

Ni kweli kwamba lugha hutengana watu wakikaa mbalimbali. Kihunde cha Masisi na Kihavu cha kando ya ziwa Kivu ni lugha za ukoo mmoja, zikatofautiana kidogo kidogo. Lakini lugha haimo katika damu. Mtoto mchanga akilelewa na watu wa lugha nyingine, atasema lugha ya waliomlea, tena atasema vizuri kama wao. Mtu akisema kwamba kabila fulani ni watu wa aina nyingine, amesema uongo, na uongo huo umemwaga damu nyingi katika nchi za Maziwa Makuu.

10. Kutengana kunakoua

Mpaka hapa kutengana kumeonekana kama mzazi wa aina mpya. Lakini kuna upande wa pili.

Msitu wa Masisi ulikatwa kwa haraka. Katika muda wa miaka mia moja hivi, watu waliongezeka, mashamba na malisho yakapanda mpaka vileleni. Gorila wachache walibaki katika vipande vya msitu, wamezungukwa na mashamba pande zote, hawana njia ya kuwafikia ndugu zao wa Walikale. Hao nao wametengwa. Je, watakuwa aina mpya?

Haiwezekani. Miaka mia ni vizazi 5 tu. Tena wao ni wachache mno, na kundi dogo lina maadui wanne.

Adui wa kwanza ni damu ya karibu. Kwa desturi gorila jike akikomaa huliacha kundi la baba yake, akafuata dume wa kundi lingine, kama vile binti aolewavyo kijiji cha mbali. Ikiwa hakuna kundi lingine, atazaa na ndugu zake. Hapo ubaya uliofichika katika damu hutokea. Katika volkeno za Virunga wamepatikana gorila ambao vidole vyao vimeungana kwa ngozi.

Adui wa pili ni umaskini wa mbegu. Ukumbukeni mfuko wa maharage. Kundi la punje 8 halina rangi zote. Ugonjwa mpya ukija, huenda mnyama ambaye angaliweza kuushinda hayumo. Mwaka 2019 wataalamu walieleza matokeo ya kazi yao: walilinganisha damu ya gorila wa Grauer wa leo na ile iliyomo katika mifupa na ngozi za zamani zilizohifadhiwa katika nyumba za makumbusho. Waliona kwamba gorila wa leo wamepoteza sehemu ya utajiri wa damu uliokuwamo kwa babu zao, na mambo mabaya ya kurithi yamezidi.

Adui wa tatu ni ajali. Kundi huongozwa na dume mzima, mwenye mvi mgongoni. Akifa yeye, kundi hutawanyika. Mahali penye makundi mia, hasara hiyo huzibwa. Mahali penye kundi moja, ndiyo mwisho.

Adui wa nne ni binadamu. Mitego ya waya huwekwa kwa ajili ya paa, lakini gorila hukanyaga, akapoteza mkono au akafa kwa kidonda. Vita vilivyoanza katika miaka ya 1990 vilileta bunduki nyingi misituni. Katika Walikale watu wengi waliingia kuchimba madini, kama vile bati ya Bisie, na wawindaji waliwauzia nyama ya mwituni. Kabla ya vita hivyo, gorila wa Grauer walikadiriwa kuwa 16,900 hivi. Mwaka 2016 walikadiriwa 3,800. Mwaka 2021 hesabu mpya, iliyotazama misitu mingi zaidi, ilitoa 6,800. Hata kwa hesabu hiyo iliyo kubwa, zaidi ya nusu wamekwisha.

Basi mwaona tofauti. Mto Kongo ulitenga kwa muda mrefu sana, na kila upande ulikuwa na msitu mkubwa na wanyama wengi. Shoka lilitenga kwa muda mfupi, likawaacha wachache. Kutengana kwa namna ya kwanza kulizaa bonobo. Kutengana kwa namna ya pili hakuzai kitu. Huhesabu siku tu.

11. Kuunganisha kilichokatwa

Je, kuna dawa? Iko, nayo ni kuwapa wanyama njia ya kukutana.

Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970 katika milima ya karibu na Bukavu. Mwaka 1975 ilipanuliwa ikapata kilometa za mraba 6,000, ikashuka mpaka misitu ya chini, hata kugusa Walikale. Milima na misitu ya chini iliunganishwa kwa ukanda mwembamba wa msitu. Ukanda huo ni kama shingo kati ya kichwa na mwili. Watu wengi wamelima ndani yake. Ukikatika kabisa, gorila wa juu watatengwa na gorila wa chini.

Mfano wa pili uko mlima Tshiaberimu, magharibi ya ziwa Edward, katika wilaya ya Lubero. Gorila wa Grauer wa mlima huo walikuwa wamebaki pungufu ya 10. Mwezi wa Oktoba mwaka 2024 majike manne, waliolelewa huko Kasugho baada ya kuporwa na wawindaji wakiwa wachanga, waliachiliwa mlimani. Walimfuata dume wa huko. Damu mpya ilipata kuingia mahali palipofungwa.

Mfano wa tatu watia moyo zaidi. Mwaka 1981 gorila wa mlima katika volkeno za Virunga walihesabiwa 254 tu. Walinzi walikaa porini, wengine wakauawa kazini. Mitego iliondolewa, wagonjwa wakatibiwa. Hesabu ya miaka 2015 na 2016 ilipata 604. Wanyama waliokuwa karibu kwisha waliongezeka.

Lakini mkulima wa Masisi naye ana watoto wa kulisha. Hawezi kula msitu kwa macho. Kwa hiyo kuulinda msitu si kumfukuza mkulima. Ni kulitunza shamba lililopo lisichoke, kupanda miti ya kuni karibu na nyumba, kuacha miti ya asili kandokando ya vijito, na kutoutia moto mlima. Mstari wa miti kando ya kijito humlindia mkulima maji na udongo wake; na mistari hiyo ikiungana kutoka kilima mpaka kilima, yaweza kuwa njia ya wanyama kutoka Masisi mpaka Walikale.

YA KUKUMBUKA

Wanyama wa aina moja wakitengwa muda mrefu, nao wakiwa wengi, waweza kuwa aina mbili. Mto Kongo uliwatenga sokwe na bonobo. Gorila wa mlima na gorila wa Grauer ni matawi mawili ya aina moja. Wanyama wachache waliotengwa juzi juzi hawawi aina mpya, wasiposaidiwa, hufa. Watu wote ni aina moja.

MASWALI

1. Kwa nini farasi na punda huhesabiwa aina mbili?
2. Ni nini kiliwatenga sokwe na bonobo? Taja tofauti zao tatu.
3. Kwa nini nywele za gorila wa mlima ni ndefu? Je, alizitaka mwenyewe?
4. Vizazi vingapi vya gorila vimo katika miaka 200? Katika miaka 40,000?
5. Virunga na Bwindi zina gorila wa tawi moja. Kati yao leo ni mashamba tu. Damu yao itachanganyikaje?
6. Taja maadui wanne wa kundi dogo lililotengwa.
7. Mtu akikuambia kwamba jirani yako wa kabila lingine ni mtu wa aina nyingine, utamjibu nini?

KAZI YA DARASA

Chora ramani ya Kivu ya Kaskazini. Tia Goma, Masisi, Walikale, ziwa Kivu, mto Lowa na volkeno za Virunga. Paka rangi ya majani mahali penye msitu. Kisha tembea na wenzako kando ya kijito kilicho karibu na shule, mhesabu miti ya asili iliyobaki.

MAELEZO YA MANENO

Aina: wanyama wote wawezao kuzaliana, na watoto wao wawe na uzazi.
Tawi la aina: kundi lililoanza kutofautiana na wenzake, lakini bado ni aina moja nao.
Kutengwa: kuwekwa mbali na wengine, pasipo njia ya kukutana.
Kizazi: muda kati ya kuzaliwa kwa mzazi na kuzaliwa kwa mtoto wake.
Volkeno: mlima uliotokana na moto wa chini ya ardhi.
Ukanda wa msitu: kipande chembamba cha msitu kinachounganisha misitu miwili mikubwa.